UZI: Bakapu za WhatsApp, Signal na Telegram. Ufunguo wa chati zako uko kwa nani?

Mleta mada

Habari za muda huu wakuu,

Humu jukwaani kila baada ya siku mbili tatu zinaingia nyuzi za aina mbili. Mmoja simu imeibiwa, kanunua nyingine, karudisha laini, anafungua WhatsApp anaikuta nyeupe pee. Mwingine anauliza kama kuna mtu anaweza kusoma chati zake. Wa kwanza anaambiwa "ungewasha bakapu", yaani nakala ya akiba ya chati. Wa pili anaambiwa "usihofu, WhatsApp imefumbwa mwisho hadi mwisho". Wote wanashukuru, mjadala unaisha. Tatizo ni kwamba ushauri wa kwanza, ukifuatwa kama unavyotolewa, unautoboa ule wa pili. Hilo ndilo nataka tulijadili. Uzi ni mrefu, chukua chai.

Kufumbwa mwisho hadi mwisho kunalinda ujumbe ukiwa njiani. Unafungwa kwenye simu yako, unafunguliwa kwenye simu ya mwenzako, seva ya katikati inapitisha kitu isichoweza kukisoma. WhatsApp walikamilisha kazi hiyo Aprili 2016 kwa itifaki (kanuni za kufunga ujumbe) ileile ya programu ya Signal. Lakini ujumbe haukai njiani. Ukishafika unakaa kwenye simu yako, unakaa kwenye simu ya uliyemtumia, na kama bakapu imewashwa, nakala inapanda Google Drive au iCloud, yaani ghala la mtandaoni la Google au la Apple. Hiyo nakala ya huko juu, tangu 2016 mpaka Oktoba 2021, haikuwa na ulinzi huo. WhatsApp hawakuficha. Ilikuwa imeandikwa palepale kwenye mipangilio ya bakapu, kwa yale maandishi ambayo sote tunayaruka tukikimbilia kubonyeza "Sawa".

Waliosoma maandishi hayo vizuri ni wapelelezi. Juni 2018 Paul Manafort, aliyewahi kuwa meneja wa kampeni ya Trump, alituhumiwa kujaribu kuwashawishi mashahidi kwa ujumbe wa WhatsApp na Telegram. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, hawakuvunja fumbo lolote. Ujumbe mwingine waliupata kwa mashahidi wenyewe, mwingine wakautoa kwenye iCloud ya Manafort kwa amri ya mahakama. Na waraka wa ndani wa FBI wa Januari 2021, uliotoka hadharani baadaye mwaka huohuo, unalitaja hilo bila kuzunguka: mlengwa akiwa na iPhone na bakapu ya iCloud imewashwa, maudhui ya WhatsApp yanaweza kupatikana huko.

Oktoba 2021 ndipo ikaja bakapu iliyofumbwa. Ukiiwasha unachagua: uweke nywila yako, au upewe ufunguo wa tarakimu 64. Ukichagua nywila, ufunguo halisi unafungiwa kwenye kasha maalumu upande wa seva, WhatsApp wenyewe hawaujui, na mtu akibahatisha nywila akakosea mara kadhaa kasha linajifunga moja kwa moja. Ukichagua zile tarakimu 64 hakuna kasha popote, unazo wewe, basi. Oktoba 2025 wakatangaza njia nyingine, ya kutumia alama ya kidole, uso au namba ya kufungulia simu badala ya kukariri nywila. Zote nzuri. Ila haziwashwi zenyewe. Kama hujawahi kuingia na kuwasha kwa mkono wako, bakapu yako iko kama ilivyokuwa ya Manafort.

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo penye kichekesho.

Nenda Kariakoo, au Luthuli Avenue pale Nairobi, kanunue simu ya Android. Kabla hujatoka dukani kijana anakuuliza, "Una Gmail?" Ukisema huna, au umesahau nywila, anakufungulia hapohapo juu ya kaunta: jina lako, mwaka wa kuzaliwa wa kubuni, nywila ni jina lako na 123 mbele. Dakika tano, unaondoka na simu inafanya kazi. Nywila anaijua yeye. Wewe hata anwani yenyewe ya barua pepe huikumbuki. Na usiku ule bakapu ya WhatsApp inaanza kupanda kwenye akaunti hiyo.

Simsemi kijana kwamba kesho atasoma chati zako, kwa sababu WhatsApp ikirejesha bakapu inataka kuthibitisha na namba ya simu. Lakini fikiria hali yako. Simu ikiibiwa huwezi kuingia kwenye ghala lako, na kuna mtu mwingine ambaye anaweza. Umekosa faragha na umekosa bakapu kwa mpigo. Watu wanabishana wachague kipi kati ya viwili wakati mkononi hawana hata kimoja.

Signal na Telegram kwa ufupi. Telegram chati za kawaida hazijafumbwa mwisho hadi mwisho, zinakaa kwenye seva zao, ndiyo maana ukihamia simu mpya unakuta kila kitu mpaka muvi za mwaka juzi. Zile chati za siri zimefumbwa, lakini hazihami. Simu ikienda zimekwenda nayo. Durov, mwanzilishi wa Telegram, mwenyewe aliandika 2017 kutetea mpangilio huo, hoja yake ikiwa kwamba WhatsApp wanafumba mlangoni halafu bakapu inapitia dirishani. Kwa wakati ule alikuwa na hoja, ila dawa yake ni kukutaka umwamini yeye badala ya Google, na mimi sioni tofauti kubwa.

Signal walikuwa upande wa pili kabisa. Miaka yote hakuna bakapu ya mtandaoni. Mwenye Android alikuwa na faili la ndani ya simu lenye tarakimu 30 za kulifungua, mwenye iPhone tangu 2020 anahamisha simu kwa simu, tena zote mbili ziwe mkononi. Simu ikizama ziwani, pole. Septemba 2025 wakalegeza, wakaanza na toleo la majaribio la Android: bure unahifadhi maandishi hadi MB 100 na picha na video za siku 45 za karibuni, ukilipa dola 1.99 kwa mwezi unapata GB 100. Ufunguo una herufi na tarakimu 64, na wanakwambia mapema kwamba ukiupoteza wasitafutwe. Mimi nawapenda kwa ukali huo. Ndiyo maana hata mahakama za Marekani zilipowadai taarifa, 2016 na tena 2021, walichokuwa nacho cha kutoa ni tarehe akaunti ilipofunguliwa na mara ya mwisho ilipoingia mtandaoni.

Karibuni.

Mdau, Mwanza

Mkuu umenishtua na hiyo ya Gmail. Simu mbili nilizonazo zote kafungua fundi. Najuaje WhatsApp yangu inabakapu kwenye akaunti ipi?

Mleta mada

Fungua WhatsApp, Mipangilio, Gumzo, kisha ingia sehemu ya bakapu. Shuka chini utaona akaunti ya Google imeandikwa. Iandike pembeni.

Halafu toka WhatsApp, ingia mipangilio ya simu yenyewe, sehemu ya Google, usimamizi wa akaunti, usalama. Angalia namba ya kurejeshea akaunti. Nimeona za watu kadhaa ambazo namba iliyowekwa pale ni ya mwenye duka, kwa hiyo Google wakituma namba ya kuthibitisha wanamtumia yeye! Weka namba yako. Badilisha nywila. Angalia orodha ya vifaa vilivyoingia humo, usichokijua kitoe. Ukishahakikisha ghala ni lako ndipo urudi WhatsApp ukawashe ufumbaji wa bakapu. Ukianza kufumba kabla ya kurekebisha akaunti utakuwa umefunga kufuli kwenye nyumba ya mtu.

Na uangalie nafasi. Zamani bakapu ya WhatsApp kwa Android haikuhesabiwa kwenye Google Drive, ila kuanzia mwisho wa 2023 kwenda 2024 wameihamishia ndani ya zile GB 15 za bure. Ghala likijaa bakapu inasimama, na taarifa ya kusimama kwake ni kijimstari ambacho hakuna anayekiangalia.

Mdau, Dodoma

Sisi wa GB WhatsApp tunaruhusiwa kuchangia?

Mleta mada

Mnaruhusiwa kulia. GB si ya WhatsApp, ni programu iliyochezewa na watu usiowajua, kwa hiyo kufumbwa kwake unaamini tu kwa moyo. Haina bakapu ya Google ya kueleweka, na WhatsApp wamekuwa wakifungia akaunti za namna hiyo. Rudi kwenye halali kwanza, kisha tuongee.

Mdau, Mombasa

Sasa mwanangu, haya yote ya nini? Mimi si mwanasiasa wala si mwanahabari. Simu yangu ya kwanza ilinyakuliwa na mtu wa boda pale Kongowea, ya pili ikaanguka kwa maji ya feri Likoni. Mimi nataka picha za watoto na rekodi za wateja wangu. Hiyo tarakimu 64 nitaipoteza kabla wiki iishe, halafu Meta, wenye WhatsApp, waniambie pole. Afadhali Google wasome, watachoka wenyewe.

Mleta mada

Dada/kaka wa Mombasa, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote na siipuuzi. Kwa watu wengi wetu kupoteza simu ni jambo la lini, si la kama. Na mfumo unaomlinda mtu dhidi ya FBI halafu ukamnyang'anya picha za wanawe kwa sababu ya karatasi iliyopotea haujamsaidia. Mtu akiniambia nichague kati ya bakapu isiyofumbwa na kutokuwa na bakapu kabisa, kwa mfanyabiashara kama wewe nitasema weka bakapu.

Lakini hebu fungua sehemu ya picha na faili kwenye chati zako, upandishe taratibu. Utakutana na picha ya kitambulisho chako pande zote mbili uliyomtumia wakala. Utakutana na vitambulisho vya wateja. Ukurasa wa hati ya kiwanja. Majibu ya vipimo ya mtu wa familia. Labda na PIN ya kadi uliyomtumia mwenzio siku ile uko haraka. Huhitaji kuwa mwanasiasa. Mtu wa kukuogopesha hapo si Google kusoma, ni yule atakayeingia kwenye akaunti yako ya Google kwa sababu nywila ni jina la mtoto na mwaka aliozaliwa.

Tarakimu 64 kwa mtu wa shughuli zako sikushauri. Weka nywila. Sentensi ya maneno matano sita ya Kiswahili ambayo nyumbani kwenu mnaitumia na nje haijulikani inatosha sana. Na ukiisahau wakati simu bado unayo, WhatsApp inakuruhusu kuibadilisha kwa kidole au PIN ya simu. Kinachouma ni kuisahau baada ya simu kwenda. Kwa hiyo iandike. Karatasi ikae kwenye bahasha ya vyeti vya kuzaliwa, na mtu mmoja nyumbani ajue ilipo. Mwizi wa Kongowea hatakuja kutafuta vyeti vya kuzaliwa.

Kwa anayetaka ufunguo wa 64: ni tarakimu na herufi ndogo za a mpaka f tu, kwa hiyo hakuna o ya kuchanganya na sifuri. Angalia 6 na b kwa mwandiko wako. Andika nne nne, upate mafungu kumi na sita. Kisha usipige picha hiyo karatasi, maana picha itapanda Google Photos na hapo umeuweka ufunguo mlemle ndani ya akaunti. Na tafadhali usijitumie mwenyewe WhatsApp. Wapo wanaofanya hivyo.

Wa iPhone, kuna mtego. Kufumba bakapu ya WhatsApp peke yake hakutoshi kama bakapu ya iCloud ya simu nzima nayo imewashwa, kwa sababu nakala nyingine ya chati isiyofumbwa inaweza kupanda kupitia mlango huo. WhatsApp walilitahadharisha hilo wenyewe. Ama uzime ile ya simu nzima, ama uwashe ulinzi wa ziada wa iCloud ambao Apple waliutoa Desemba 2022 kwa Marekani na mwezi uliofuata kwa nchi nyingine.

Mdau, Dar

Ongezea kwamba sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na Kenya wana yao ya 2019. Mtu akichezea taarifa zako una pa kwenda.

Mleta mada

Ipo mkuu, na ni nzuri kwa kumbana anayekusanya taarifa zako. Ila sheria inaweza kwenda upande wa pili pia. Uingereza mwanzoni mwa 2025 serikali iliwataka Apple, kwa sheria yao ya 2016, wafungue njia ya kufikia data zilizofumbwa kwenye iCloud. Apple badala ya kutengeneza mlango wa nyuma, Februari 21 wakaondoa kabisa ule ulinzi wa ziada kwa watumiaji wapya wa huko. Mwananchi wa London akaamka hana chaguo alilokuwa nalo jana. Lakini aliyekuwa amefumba bakapu yake ya WhatsApp kwa nywila yake hakuguswa na hilo, kwa sababu ufunguo haukuwa wa Apple. Umeona ninakoelekea.

Mdau, Morogoro

Mimi ni mtunza hazina wa kikoba, tuko arobaini kwenye kundi. Bakapu yangu nimeifumba tangu asubuhi baada ya kusoma hapa. Hao wengine thelathini na tisa je?

Mleta mada

Umegusa penyewe, na jibu halipendezi. Nakala ya mazungumzo ya kundi iko kwa kila mwanakundi, kwenye bakapu yake, kwenye Gmail yake aliyofunguliwa dukani. Wewe ukifumba umefumba moja kati ya arobaini. Hakuna kitufe cha kukuonyesha nani kafumba na nani hajafumba. Manafort naye, kumbuka, sehemu ya ujumbe ilitoka kwa wale aliowaandikia.

Ujumbe wa kutoweka unasaidia kiasi. Ukiwa haujatoweka wakati bakapu inafanyika, utaingia ndani, ila utafutwa bakapu ikirejeshwa. 2025 WhatsApp wakaongeza mpangilio wa faragha ya juu unaozuia watu kuhamisha chati nzima nje ya programu. Hauzuii kupiga picha kioo, na hauzuii simu nyingine kupiga picha simu.

Kwa kikoba mimi ningeliondoa tatizo lenyewe. Kundi litumike kwa matangazo, marejesho na kupongezana. Picha za vitambulisho vya wadhamini, namba za akaunti na majina ya wadaiwa sugu yakae kwenye daftari lako na nakala moja kwa katibu. Wanakundi watalalamika wiki ya kwanza kwamba unawabania, kisha watazoea.

Mdau, Muscat

Assalaam alaykum. Mimi niko Muscat, nyumbani Pemba. Marehemu baba hakuwa mtu wa kuandika, kila kitu akimpelekea kaka yangu kwa sauti, miaka na miaka. Zote zimo katika simu ya kaka hapo Wete. Simu kioo kimepasuka lakini yawaka na yashikika. Bakapu aliifumba zamani na nywila haikumbuki kabisa. Tufanye nini zisipotee? Na simu ya baba mwenyewe imezimwa tangu arobaini.

Mleta mada

Waalaykum salaam, na poleni sana kwa msiba.

Bahati yenu simu ya kaka inawaka. Asifute WhatsApp, asiiondoe laini, asimpe fundi abadilishe kioo kabla ya haya. Kwanza aingie kwenye mpangilio wa bakapu iliyofumbwa abadilishe nywila kwa kidole chake, hiyo inawezekana maadamu simu anayo. Aandike mpya.

Pili, asitegemee bakapu peke yake. Kama ni Android, sauti zenyewe zimo ndani ya simu bila fumbo. Achomeke waya kwenye kompyuta, aingie folda ya Android, kisha media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, WhatsApp Voice Notes. Atakuta folda nyingi, ndani yake mafaili yanayoanza na PTT, tarehe, mwisho .opus. Anakili folda zote kama zilivyo kwenye flashi mbili, moja ibaki kwake, moja aje nayo msafiri ikufikie. Programu ya VLC inazicheza.

Simu ya baba iwasheni angalau muitie chaji, iingie mtandaoni. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika siku 120 kwa kawaida hufutwa, na laini isiyotumika muda mrefu kampuni humpa mtu mwingine. Kama kuna kitu humo mnakitaka, kitoeni sasa. Na hapa wengine tujifunze kuulizana mapema, kwa sababu mzee aliyefumba bakapu vizuri kabisa na hakumwambia mtu nywila, amefunga na wanawe nje.

Mdau, Muscat

Kaka kafanya, kazipata, Alhamdulillah. Ila ni maelfu na hazina majina, za baba zimechanganyika na za watu wa kundi la mpira.

Mleta mada

Ndiyo, jina la faili lina tarehe tu, halina mtumaji. Arudi kwenye WhatsApp, afungue chati ya baba peke yake, vitufe vya juu achague kuhamisha chati, pamoja na media. Atapata faili la maandishi lililoorodhesha kila ujumbe na jina la faili lake la sauti. Chati ikiwa ndefu sana haitoi yote, inaanzia za karibuni kurudi nyuma, kwa hiyo zile za zamani mtazitafuta kwa tarehe kwenye flashi. Faili hilo halijafumbwa, kila atakayelifungua atalisoma, kwa hiyo asilipitishe kwenye kundi la familia kama kuna maneno ya ndani. Aliweke kwenye flashi moja kwa moja.